Milingoti Imefikia Wapi

Soweto, Mbeya
3 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nikutoe wasiwasi kwanza: tulifika salama. Basi lilituharibikia Makambako tukakaa pale hadi giza, na kama si yale mafyulisi uliyotufungia kwenye kapu, sijui tungekula nini. Binti yetu, wajina wako, alikula mpaka nikaogopa tumbo lake. Anawaambia watoto wa jirani kwamba ana bibi mwenye jina kama lake na ng'ombe mwenye pembe moja, na wao hawaamini yote mawili.

Tusekile anasema ndaga fijo. Unajua mke wangu alivyo, Mnyakyusa akishukuru hushukuru kwa mwili mzima. Tangu turudi, kila mgeni anayeingia hapa lazima aonyeshwe lile jamvi ulilompa.

Nina habari njema. Ule Umoja wa Wafanyabiashara wa Mbao na Nguzo wa huku Nyanda za Juu umefanya uchaguzi, nami nimekuwa katibu. Mwenyekiti ni Mzee Umakant, bosi wangu wa yadi. Utamkumbuka: ndiye yule Mhindi mrefu aliyekuja kwenye msiba wa baba, akakaa chini mkekani na wazee kabla hajaambiwa. Alisema mbele ya wote kwamba ananiamini kwa sababu nina mkono mzuri wa kuandika. Nikakukumbuka wewe na fimbo yako ya daftari.

Ile picha ya Krismasi, wewe umesimama na mwavuli chini ya milingoti yetu pale chemchemi, nimeiweka mezani ofisini. Watu wakiuliza huyu ni nani, nawaambia ndiye aliyenilea, na ile miti ndiyo shukrani yangu kwake, niliipanda kwa mshahara wangu wa kwanza. Inanifurahisha kusema hivyo, Shangazi. Nasema hivyo hata nisipoulizwa.

Nakutumia mchele wa Kyela kwa mkono wa Kasian, kondakta wa basi la asubuhi. Mtu wake wa Iringa atakuletea hadi Kilolo.

Milingoti imefikia wapi? Najua ni mwezi tu umepita, lakini miti ile haikawii.

Mwanao,
Aroni

*

Kilolo
25 Februari 2024

Mwanangu Aroni, kamwene,

Marahaba. Mchele umefika, na Kasian wako hakuula hata kidogo, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye shavu kama lile. Nimepika Jumapili baada ya ibada. Harufu ilifika kwa jirani, jirani naye akafika.

Mwambie Tusekile asione ajabu kwamba siongei kwenye simu kama watu wengine. Huku mtandao unashika kilima cha kanisa tu, na pale huwezi kusema neno bila kwaya nzima kuitikia. Barua ni yangu na yako. Na mimi nikiandika nafikiri, nikiongea nasema tu.

Hongera kwa ukatibu. Nimefurahi mpaka nimemwambia mchungaji, akakutaja kwenye maombi pamoja na wagonjwa. Usijali, nia yake ilikuwa njema.

Huku mvua inanyesha vizuri, mahindi ya mlimani yamesimama. Ulanzi umekuwa mwingi mwaka huu, watu wanalewa mapema, na Sosthenes, mwenyekiti wetu wa kijiji, amepiga marufuku mikutano ya jioni kwa sababu hakuna anayeelewana na mwenzake.

Mchana lakini tulikuwa na mkutano. Alikuja afisa kutoka wilayani pamoja na vijana wa kampuni fulani, fulana za kijani, viatu havijawahi kuona matope. Wakatuambia dunia inaumwa. Joto limezidi, mito inakauka, kwa hiyo sisi tuache vinyungu. Vishamba hivi hivi vya bondeni, ambavyo mama zetu waliviinua matuta kila kiangazi, tukala mahindi mabichi wakati wengine wanatazama mawingu. Kile kinyungu changu ndicho kilichokuvalisha sare ya sekondari, unajua. Wakasema kuanzia mwakani bonde litapandwa miti na tutalipwa kwa hewa. Mama mmoja akauliza hewa inauzwa kwa debe au kwa kilo. Watu wakacheka, lakini waliporudi nyumbani hawakucheka.

Wewe unayekaa na wakubwa, niambie. Hiyo tabianchi imeanza lini kuyaogopa maharage yangu?

Funga koti, najua baridi ya Mbeya.

Shangazi yako,
Matilda

*

Soweto, Mbeya
7 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, Pasaka ilitukuta wajina wako ana homa. Sasa ni mzima na anasumbua kama zamani. Tusekile amepata nafasi ya kufundisha shule ya karibu, kwa hiyo asubuhi hapa ni mbio tupu, nami ndiye ninayesuka nywele. Usicheke. Natoa mistari miwili na inanyooka.

Umeniuliza juu ya vinyungu. Nitakueleza kama nilivyoelezwa. Viwanda vya nchi za nje vinatoa moshi mwingi, na sasa vinatakiwa kuulipia. Mti ukikua unaivuta ile hewa ukaa na kuiweka ndani yake. Kwa hiyo wenye viwanda wanawalipa wenye miti, na makampuni kama lile la fulana za kijani yanasimama katikati. Mti unaokua haraka unalipa haraka, na hakuna mahali mti unakua haraka kama bondeni penye maji. Upande wa pili, Mto Ruaha unapungua, mabwawa ya umeme yanalia, na kila mtu serikalini anaulizwa amefanya nini. Basi lazima kifanyike kitu, na kionekane.

Ni mambo ya sera, Shangazi. Yanajadiliwa na wakubwa. Mimi kazi yangu ni kuandika wanachosema. Usiwaze sana, hakuna atakayekuja kukufukuza kesho.

La maana zaidi kwangu ni hili. Milingoti yetu imefikisha umri wa nguzo. Watakuja walanguzi na maneno matamu, usimuuzie mtu yeyote. Mzee Umakant ataleta gari lake na atalipa bei ya haki, ameniahidi. Nataka fedha ile ikae, ikusaidie uzeeni, usilazimike tena kuinama bondeni na magoti yale. Kila nikikumbuka ulivyokuwa ukitoka kule jioni, sketi imelowa hadi kiunoni, ukikaa kunisikiliza nasoma, nashukuru Mungu kwamba angalau nilipanda kitu.

Imefikia wapi? Nipimie hata kwa kukumbatia.

Mwanao,
Aroni

*

Kilolo
30 Juni 2024

Mwanangu Aroni, kamwene,

Umengoja barua hii muda mrefu, najua. Tulikuwa na misiba, tulikuwa na kipaimara, tulikuwa na mavuno. Halafu kalamu ilipotea, na nilipoipata nilikuwa nimeikalia.

Magoti yananiuma wakati wa baridi, kiangazi yananisahau. Ng'ombe amezaa ndama mwenye pembe zote mbili zikianza kuchomoza, mwambie wajina wangu kwamba uzao umesahihishwa. Na nimesikia kuhusu mistari ya nywele. Nimesimulia kanisani. Wanaume hawakufurahi.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa nzuri. Kwenye mnada wa nje ya kanisa nilitoa kuku na mkungu wa ndizi, nikajikuta nimenunua kuku wangu mwenyewe kwa sababu Sosthenes alipandisha bei kwa makusudi. Mchungaji alisema anayeshukuru hasumbuliwi na hesabu. Nikamchukua kuku wangu nikarudi nyumbani.

Bonde mwaka huu si zuri. Zamani mwezi wa sita bado tulikuwa tunazibua mifereji ili maji yapungue, mwaka huu tunayatafuta. Maharage ya mama Silvester, yule jirani wa chini yangu, yameungua yakiwa na maua. Hakusema kitu. Huku watu wana adabu kupita kiasi, mwanangu. Wakati mwingine adabu inaumiza kuliko matusi.

Mwezi wa tano niliita mgowe. Walikuja watu wengi kunisaidia kazi moja, kuliko nilivyotegemea, hata wenye vinyungu vya mbali. Nilipika kande na nyama. Watu walifanya kazi kutwa na kuimba, na jioni walinishika mkono mmoja mmoja.

Asante kwa milingoti, Aroni. Nadhani sikuwahi kukushukuru sawasawa kwa ile siku uliyoipanda. Ulikuwa na malengelenge mikononi na hukutaka nikupokee jembe. Nikifa leo, hilo nitakuwa nalo.

Kijiji kimepata daraja jipya la kuvukia kijito, na jiko la kanisa limepata paa. Watoto hawalowi tena.

Shangazi yako,
Matilda

*

Soweto, Mbeya
8 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara nyingi, hasa pale uliponishukuru. Unashukuru kana kwamba unaaga. Usinitishe.

Wajina wako ameng'oka jino la kwanza. Amelifunga kwenye karatasi akitaka likufikie, nimemwambia jino si mzigo wa basi. Tusekile ana ujauzito wa miezi minne. Tulitaka kukuambia ana kwa ana lakini nimeshindwa kuvumilia.

Sasa lililo muhimu. Mwezi wa kumi, tarehe kumi na moja, kutakuwa na mkutano wa wadau pale Iringa mjini, juu ya sheria ndogo za vyanzo vya maji na biashara ya hewa ukaa. Watakuja wa mkoa, wa wilaya, makampuni, na wawakilishi wa vijiji. Umoja wetu una andiko, na mimi ndiye niliyeliandika na ndiye nitakayelisoma. Tunaomba miti ya kupandwa ihesabiwe kuwa hifadhi hata ikiwa ndani ya zile mita sitini za chanzo cha maji zinazolindwa na sheria. Kuna vipengele vingine humo, vya mabonde, ambavyo tutaongea nikija.

Nimeona andiko linahitaji mtu, si takwimu tu. Wakubwa wakisikia mfanyabiashara wanakunja uso, wakisikia mama wa kijijini wanakunjua. Kwa hiyo nataka kutumia mfano wako na ile picha ya mwavuli. Nitasema ukweli mtupu: kwamba ulinilea, kwamba nilikupandia, kwamba mti umekupa heshima. Kama hupendi, niandikie kabla ya mkutano, nitaondoa bila kuuliza. Ukinyamaza, nitajua umeniruhusu.

Nampa Kasian barua hii leo.

Milingoti imefikia wapi? Mara mbili nimeuliza tangu mwaka uanze, nawe unanijibu habari za ng'ombe.

Mwanao,
Aroni

*

Kilolo
29 Septemba 2024

Mwanangu Aroni, kamwene,

Haya mafupi tu, binti wa mchungaji anasafiri kuja chuo huko Mbeya na nimemkamata mlangoni. Mara ya mwisho kupata barua yako ilikuwa Aprili. Najua una kazi nyingi.

Kinyungu kimenipa mahindi kidogo, nakutumia machache. Yachome, usiyachemshe, Tusekile nimjuavyo atataka kuyachemsha. Si makubwa kama ya miaka ile, lakini yapo.

Mwezi ujao nitakuwa Iringa mjini kwa shughuli ya kijiji. Nitavaa kile kitenge cha bluu ulichonipa Krismasi. Namshukuru Mungu kwa ajili yako kila asubuhi, liwe lolote litakalotokea. Nataka ulikumbuke neno hili.

Shangazi yako,
Matilda

*

Soweto, Mbeya
14 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sina salamu nyingine leo. Wote wazima.

Barua yako ya mwisho niliipata pamoja na mahindi. Niliona umesema hujapata barua yangu, nikajiambia zimepishana njiani, itakuwa imeshafika. Sikukaa kufikiri. Nilitaka iwe imefika, kwa hiyo nikaona imefika. Ukimya wako nikauita ruhusa.

Niandike nilivyoona, kwa sababu pale ukumbini hatukupata hata nafasi ya kushikana mikono, gari lenu la kijiji liliondoka kabla sijatoka.

Nilisimama nikasoma. Unajua nikisoma sitetemeki, ni wewe uliyenifundisha. Nikafika kwenye mfano. Picha yako ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango wa kanisa. Nikasema: "Huyu ni Mama Matilda wa Kilolo, mkulima mdogo. Amenilea mimi. Leo anaishi kwa heshima kwa sababu ya mti." Watu wakapiga makofi. Mzee Umakant alikuwa anatabasamu. Nikaendelea na kipengele cha mabonde, kwamba kilimo cha vinyungu kisimamishwe chote. Ndiyo, Shangazi, kilikuwemo. Niliandika mimi. Nilikuambia naandika wanachosema wengine, na sehemu hiyo ilikuwa kweli, lakini maneno mazuri yalikuwa yangu.

Ndipo mwenyekiti wa kikao akauliza kama vijiji vina la kusema, na nyuma kabisa ya ukumbi nikaona kitenge cha bluu kinainuka.

Ulisema kwa ile sauti ya kwenye kwaya:

"Kamwene nyote. Mimi ndiye huyo Matilda wa ukutani. Yule ana mwavuli, mimi leo nimeuacha nyumbani."

Ukumbi wote ulicheka. Na wewe ukangoja wamalize.

"Kwanza nishukuru. Huyu kijana hajasema uongo. Mimi nimemlea, yeye amenipandia. Alipanda kwa mkono wake, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha pale chemchemi, nikasema hapa pana maji, hapa itakua haraka. Na kweli ilikua. Nimepata mwana anayeshukuru, si wote mnao. Ila ile miti haipo tena. Tuliikata mwezi wa tano, kijiji kizima, niliita mgowe. Kwa sababu ilikuwa inakunywa maji, na wenzangu wa chini walikuwa wanakauka, na hakuna aliyethubutu kuniambia, maana ilikuwa zawadi. Nani ataisema vibaya zawadi ya mtoto wa mwenzake? Sasa ninyi mnasema mto unakufa, na mimi nakubali, nimeuona. Mnasema kila mtu atoe kitu, nakubali pia. Mimi nimeshatoa cha kwangu, na kilikuwa kitu ninachokipenda. Naomba kuuliza humu ndani, na nyie makampuni, na nyie wa mbao: nani mwingine ametoa cha kwake?"

Halafu ukakaa. Ukakunja mikono kama uko kanisani.

Mwenyekiti wa kikao akanigeukia: "Katibu wa Umoja, una la kujibu?" Mezani nilikuwa na kurasa za majibu, Shangazi. Niliziandaa kwa kila swali. Nikasema, "Huyo ni shangazi yangu. Sina." Nikakaa.

Andiko limerudishwa. Halikukataliwa, limerudishwa vijijini lijadiliwe, lije tena mwezi wa tatu. Kwa hiyo usidhani mambo yamekwisha.

Nilirudi na Mzee Umakant, tukasimama Makambako. Pale akaagiza chai, akaniambia: "Aroni, ukatibu achia. Mimi bado nataka andiko lipite, nina miti yangu mabondeni na nina mkopo. Lakini lisipite kwa mdomo wako, nitakuwa nakutesa. Yadi Jumatatu saa mbili, kama kawaida." Akanywa chai yake. Tulipoinuka akasema, "Yule mama mpe salamu zangu. Angekuwa upande wetu tungemaliza kabla ya chakula cha mchana."

Sasa niseme langu. Nimeumia. Si kwa sababu umekata. Ni kwamba kijiji kizima kilijua, hata waliotoka vinyungu vya mbali walijua, na mimi nilikuwa nakuuliza kila barua kama mjinga. Kwa nini hukuniambia?

Aroni

*

Kilolo
2 Novemba 2024

Mwanangu Aroni, kamwene,

Marahaba. Jana Kasian alinifikia mwenyewe hapa nyumbani, akapiga magoti mlangoni, na ile barua yako ya Septemba mkononi. Basi lake liliwekwa gereji, akapewa likizo, koti lake akalitundika kwao Mafinga na barua ndani. Nilimpa uji. Kwa hiyo nimezisoma barua zako zote mbili kwa siku moja, ile ya kuniomba ruhusa na ile ya kuniuliza kwa nini. Haikuwa siku rahisi.

Kwanza, mtoto anayekuja. Nimelia kwa furaha, ng'ombe ni shahidi. Mwambie Tusekile asinyanyue ndoo, asile udongo, na asimsikilize mtu yeyote isipokuwa mimi na nesi.

Sasa nikujibu. Uliniandikia kwamba umekuwa katibu, nami nilikuwa na furaha, halafu wiki ile ile wakaja wa fulana za kijani. Sosthenes akaniambia taratibu kwamba wafanyabiashara wa mbao wanaandaa andiko. Mimi si mtoto. Nikajua mkono utakaoliandika, maana niliufundisha mwenyewe. Nikasema nikimwambia Aroni kwamba nakata miti yake, na kwa nini nakata, atafanyaje? Ataacha kazi kwa ajili yangu, na ana mke na mtoto. Au hataacha, na atajichukia kila akikaa kwenye meza ile yenye picha yangu. Sikutaka uchague kati ya mkate wako na mimi. Nilitaka wewe uendelee kutojua, nami nibebe. Nilikosea hesabu kidogo tu: sikujua kwamba ungeniweka ukutani.

Usiku wa kuamkia siku ya kukata sikulala. Asubuhi nikaenda mapema, nikashika kila mti. Nikauambia asante. Utaniona mwehu, lakini mtu haondoki nyumba ya watu bila kuaga. Mama Silvester alinikuta pale. Alikuwa na shoka, na alikuwa analia kuliko mimi, akasema, "Dada, tungevumilia tu." Nikamwambia mmevumilia vya kutosha, na mimi nilikuwa nawaona mkinyamaza nikiingia kwenye mazoezi ya kwaya, nikadhani nimezeeka sauti. Wao walikuwa hawajui jinsi ya kuniambia kwamba ninawakausha.

Mti wa kwanza ulipoanguka watu hawakushangilia. Walisimama kimya kwanza, kama msibani, kwa heshima yako. Nataka ujue hivyo. Halafu Sosthenes akaanzisha wimbo wa shukrani, na kazi ikaenda. Daraja nililokuambia ni miti yako. Paa la jiko la kanisa ni miti yako. Watoto wanaovuka kwenda shule wanakanyaga shukrani yako kila siku, na wanaliita daraja la Aroni. Nguzo zilizobaki niliziuza, na magoti yangu yamepata dawa nzuri ya hospitali ya Ikonda. Kwa hiyo usiseme imepotea. Ulitaka inisaidie, imenisaidia mimi na wengine ambao hukuwa umewahesabu.

Hatujashinda, naelewa. Mwezi wa tatu watarudi, na huenda watakuwa na andiko lililopigwa pasi zaidi. Na sisi tumeanza kujisahihisha wenyewe: tumeacha ukanda pande zote za kijito usiolimwa, hata mimi nimepoteza matuta. Mama mmoja alinuna wiki nzima. Mwambie Mzee Umakant nimepokea salamu, na mwambie akitaka kuja kuona bonde karibu, atakaa kwenye mkeka, anaujua.

Sasa neno la mwisho, halafu nikalale. Watu wa hapa wanasema ulishindwa kujibu pale ukumbini. Mimi nilikuona. Ulikuwa na zile karatasi, uliziwekea mkono juu. Wewe tangu mdogo hujawahi kukosa la kujibu, nilikupiga kwa hilo. Uliposema "sina," nilijua umenipa kitu kikubwa kuliko ile miti, na safari hii hukuwa na malengelenge ya kunionyesha. Nakushukuru, mwanangu. Nakushukuru sana.

Shangazi yako,
Matilda

*

Soweto, Mbeya
20 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti, Tusekile amelia, wajina wako akalia kwa sababu mama yake analia, na mimi nikatoka nje kutazama pikipiki ambayo haina tatizo lolote.

Ukatibu umeenda kwa kijana mmoja wa Tukuyu, Isakwisa, mwerevu. Nimemwambia ukweli kwamba mwezi wa tatu atakutana na kitenge cha bluu. Yadi kazi ipo. Mzee Umakant wiki iliyopita aliniita akaniuliza, kama vile anauliza bei ya misumari, mtu akitaka kuotesha miti isiyokunywa maji pembeni ya kijito ataotesha nini. Nikamwambia watu wa kwetu husema mivengi. Akasema inakua lini. Nikasema polepole. Akanuna. Lakini aliliandika jina.

Tunakuja Krismasi, mvua ikiwa imeshika. Naleta miche ya mivengi, nimeipata kwa masista. Najua itachukua miaka mingi, na hakuna atakayeinunua kwa nguzo. Safari hii utanionyesha mahali na utanipokea jembe nikichoka, sitakataa. Ile picha ya mwavuli bado ipo mezani. Nilitaka kuiondoa nikaona hapana. Watu wakiniuliza ile miti nyuma yako iko wapi, nawaambia watu wanapita juu yake kwenda shule.

Asante kwa kunilea. Asante kwa kukata. Sijui kama mtu anaweza kusema maneno hayo kwa pumzi moja, lakini ndivyo yalivyonijia.

Maji yamefikia wapi?

Mwanao,
Aroni

*

Kilolo
1 Desemba 2024

Mwanangu,

Mvua bado haijanyesha hata tone. Leo baada ya ibada nimevua viatu nikaingia chemchemi, ile iliyokuwa ikikauka, na kitenge chako cha bluu, watu wote wakiangalia.

Yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Njooni.

Matilda